Nauliza Tu

Ndugu msomaji, kuna neno moja dogo katika lugha yetu ambalo siku hizi naliogopa. Neno lenyewe ni "tu". Lina herufi mbili basi, lakini angalia kazi linayoifanya. Jirani anabisha hodi saa ya chakula, unamkaribisha, anasema: "Nilikuwa napita tu." Mshikaji wako anakuuliza: "Hivi yule dada uliyekuwa naye jana pale stendi ni nani? Aa, nauliza tu bwana, usinifikirie vibaya." Mgeni anasimama ukingoni mwa shamba lenu, mikono nyuma, anatazama mpaka mwisho wa mpaka. Ukimwuliza anasema: "Naangalia tu."

Kila anayesikia "tu" ya namna hiyo anajua kwamba hapo pana jambo. Na anayeisema naye anajua kwamba mwenzake amejua. Hata hivyo wote wawili wanaendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna lililotokea.

Wazee walituachia methali kwamba kuuliza si ujinga. Sawa, hilo halina ubishi. Lakini hawakutuambia kama kuuliza ni kitendo. Yaani, mtu akiuliza swali na kujibiwa, je, amefanya jambo duniani, au amepokea jibu na dunia imebaki ilivyokuwa? Na kama amefanya jambo, ana haki gani ya kusema hakufanya kitu?

Nimelifikia swali hili kwa njia mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Moja ni darasa la saketi za kompyuta. Ya pili ni shamba la marehemu babu yangu, huku kwetu Lushoto. Naomba uvumilivu wako, nianze na ile ya darasani, kwa sababu ndiyo iliyonipa maneno ya kuielewa ya pili.

SAKETI NA UNAFIKI WAKE

Watu wengi wanadhani chipu ya kompyuta inachorwa kwa rula na penseli. Zamani ilikuwa hivyo. Sasa mhandisi anaiandika. Ziko lugha maalum za kuelezea maunzi, na mbili ndizo zinazojulikana zaidi. VHDL ilianzishwa kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ikawekewa kiwango cha kimataifa mwaka 1987. Verilog ilizaliwa katika kampuni moja ya Marekani katikati ya miaka ya themanini, ikapata kiwango chake mwaka 1995. Unaandika maneno, kompyuta inayageuza maneno kuwa mamia na maelfu ya vigeti vidogo vya umeme.

Ndani ya lugha hizo kuna kitu kinaitwa fankisheni. Kwa lugha ya mtaani, fankisheni ni mtu wa kuulizwa. Unampa namba mbili, unamwuliza ipi kubwa, anakujibu, mnaachana. Hutegemei kwamba wakati anakujibu atakuwa pia amehamisha viti vya sebuleni. Akihamisha, hicho ndicho kinachoitwa athari ya pembeni: jambo lililofanyika wakati ulidhani unauliza.

Katika Verilog ya mwanzo, sheria za huyu mtu wa kuulizwa zilikuwa za ajabu kidogo. Alikatazwa kusubiri. Alitakiwa ajibu papo hapo, saa ya saketi isisogee hata chembe. Lakini hakuna aliyemkataza kunyoosha mkono na kubadilisha kitu kilichoko nje yake. Tena vitu vyake vya ndani, usipoagiza vinginevyo, vinabaki na thamani ya mara iliyopita. Maana yake ni kwamba unaweza kumwuliza swali lile lile mara mbili na kupata majibu mawili, kwa sababu anakumbuka na hakukwambia kwamba anakumbuka.

Sasa utasema, kwani tatizo liko wapi? Programu za kawaida nazo zina mambo hayo. Ni kweli, lakini programu ya kawaida inakwenda mstari kwa mstari, huyu kwanza halafu yule. Saketi haiendi hivyo. Saketi ni kama soko la Lushoto siku ya gulio: muuza karoti, muuza mitumba, mpiga debe wa basi la Tanga, wote wanapaza sauti kwa wakati mmoja. Nani atauliza kwanza? Hakuna aliyepanga. Kiwango chenyewe cha lugha kinakwambia waziwazi usitegemee mpangilio huo. Kwa hiyo kama swali lako lina kitendo kilichofichwa ndani yake, kitendo hicho kitafanyika kabla au baada ya kingine bila mtu yeyote kuamua.

Liko kubwa kuliko hilo. Chukua sharti lenye sehemu mbili: "Kama A ni kweli na B ni kweli, washa taa." Ukikuta A si kweli, kuna haja gani ya kumwuliza B? Taa haitawaka hata iweje. Kiwango cha zamani cha Verilog kiliruhusu chombo kinachosoma maandishi yako kumruka B kama jibu limekwisha kujulikana, lakini hakikukilazimisha. Sasa tuseme B ni fankisheni ambayo, pamoja na kujibu, inaongeza hesabu mahali fulani. Chombo cha kampuni hii kinamwuliza B, hesabu inaongezeka. Chombo cha kampuni ile kinamruka, hesabu haiongezeki. Maandishi ni yale yale, herufi kwa herufi, na saketi ni mbili tofauti. Kasheshe!

Ilibidi waandishi wa kiwango kilichofuata, SystemVerilog, wakae chini na kusema wazi: viunganishi hivi vitaruka sehemu isiyohitajika, vile vingine vyote havitaruka, na sehemu ikirukwa, athari zake za pembeni hazitatokea. Ukisoma haraka unaona ni sheria kavu ya mafundi. Mimi nilipoisoma mara ya pili niliona watu wazima wamekaa mezani wakikiri kwamba kwa miaka mingi vitendo vya watu vilikuwa vinafanyika au kutofanyika kwa kutegemea uvivu wa mtu mwingine.

VHDL ilichukua njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyonigusa. Katika toleo la mwaka 1993, fankisheni ziligawanywa makundi mawili: safi na isiyo safi. Fankisheni safi ukiipa vitu vile vile itakujibu vile vile, leo na kesho, na hairuhusiwi kugusa vinavyobadilika nje yake. Isiyo safi inaruhusiwa. Hakuna aliyeifukuza wala kuitukana. Ila inalazimika kujitangaza kwa neno maalum, na neno hilo linakaa mwanzoni kabisa, hata kabla ya jina lake. Ukikaa kimya unahesabiwa kwamba umesema ni safi, na ukikamatwa unagusa vya nje, kompaila inakukatalia.

Halafu kuna kifungu kimoja ambacho mwalimu wetu alikipita haraka, mimi nikabaki nacho. Fankisheni safi haiwezi kumwita asiye safi. Akimwita, naye si safi tena. Hawezi kujitetea kwamba "mimi nilimwita tu, aliyehamisha viti ni yeye."

Kifungu hicho ndicho kilichonirudisha nyumbani.

NILIPIMA TU

Shamba la babu liko mlimani, upande wa Magamba, si mbali sana na mji. Kwa asiyewahi kufika kwetu: unatoka Mombo kwenye barabara kuu, unapanda kona baada ya kona kupitia Soni, masikio yanaziba, hewa inabadilika, na kama kilomita 33 hivi baadaye uko Lushoto. Mashamba huko yamening'inia. Juu kuna migomba na kahawa, katikati mahindi na maharage, na chini kabisa kuna bonde. Bonde ndiyo dhahabu. Lina maji mwaka mzima, na ndiko zinakotoka kabichi, karoti na hoho mnazokula nyinyi wa Dar.

Babu alipofariki hakugawa. Shamba likaendelea kuitwa "shamba la babu", na kila mtu alilima pale alipozoea. Baba mkubwa juu, baba mdogo katikati. Shangazi yangu, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani miaka mingi iliyopita, alilima kipande cha bondeni. Kwa kipande hicho alisomesha watoto watatu. Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini yuko pale, naye hakuwahi kuomba.

Likizo ya Desemba mwaka 2018 nilipanda kwenda kusalimia. Simu yangu mpya ilikuwa na programu ya kupima ardhi kwa setilaiti: unazunguka mpaka kwa miguu, inachora umbo, inakupa eneo. Kijana wa chuo, si unajua tena, lazima aonekane amesoma. Nikamwambia baba mkubwa: "Napima tu, nijue ni eka ngapi." Akasema haya pima. Nikazunguka. Watoto wananifuata nyuma. Jioni, mbele ya chai, nikasoma kwa sauti: shamba lote eka mbili na nusu, na bonde peke yake robo eka.

Ninaikumbuka ile sekunde. Baba mdogo aliweka kikombe chini. Baba mkubwa aliniambia nirudie ile namba. Nikairudia. Hakuna aliyesema neno la ziada, tukaendelea na habari za bei ya viazi.

Mwaka uliofuata nilipopanda tena nilikuta masale yamepandwa. Kwa desturi zetu masale ni mpaka: ukiyaona yamesimama mstari, hapo pana makubaliano. Shamba lilikuwa limegawanywa mara mbili, kwa wanaume wawili, na bonde lilikuwa ndani ya sehemu ya baba mdogo. Kumbe ile namba yangu ndiyo ilikuwa imegawanywa kwa mbili. Kabla ya namba, shamba lilikuwa kitu kimoja cha kukumbukia marehemu. Baada ya namba likawa kitu chenye nusu.

Nilikwenda kumsalimia shangazi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Hajafukuzwa, lahasha. Bado analima pale pale. Ila sasa kila msimu anakwenda kwa mdogo wake kuomba, anaambiwa "lima tu dada". Unaisikia ile "tu"? Akaniambia bila hasira yoyote, huku anafunga karoti mafungu: "Wewe ndiye uliyekuja kupima."

Nikajibu jibu ambalo kila mtu angelijibu. Nikasema: "Mimi nilipima tu, shangazi. Waliogawa ni wao."

UTETEZI WANGU UNAVYOANGUKA

Nimekaa na utetezi huo miaka kadhaa. Naomba tuuchambue pamoja, kwa sababu nina hakika nawe unao wa kwako.

Utetezi wa kwanza: nia yangu ilikuwa safi. Ni kweli. Lakini kompaila ya VHDL haiulizi nia. Inaangalia unaita nani. Mimi nilisoma namba mbele ya watu wawili ambao nilijua, au ningeweza kujua kama ningefikiri dakika mbili, kwamba kila mmoja anaitaka ardhi ile. Kusema namba mbele yao kulikuwa ni kuwaita. Niliyemwita akigusa cha nje, na mimi nimegusa.

Utetezi wa pili: ingetokea hata bila mimi. Labda. Lakini hapo nakumbuka ile taa na sharti lake la sehemu mbili. Kama mtu angeuliza kwanza, "Je, marehemu alimwachia nani bonde?", wazee wengi wa jirani wangejibu kwamba marehemu mwenyewe alimkabidhi binti yake jembe pale. Jambo lingeishia hapo, na swali la eka lisingeulizwa kabisa. Kwa hiyo haki ya shangazi ilitegemea swali lipi litangulie, na mimi nikatanguliza langu kwa sababu tu nilikuwa na simu mpya. Kitendo kilichofichwa ndani ya swali kina ubaya huu hasa, kwamba hata mwenyewe hujui kama kitafanyika.

Utetezi wa tatu ndio mgumu, nao unatoka kwa rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye. Alisema: "Aisee, wewe unataka kisichokuwepo. Hakuna swali safi. Hata hiyo fankisheni yako safi ikiwa kwenye chipu halisi inakula umeme na inatoa joto. Kwa hiyo inabadilisha dunia. Ukifuata mantiki yako, watu wasiulize kitu."

Hapo alinibana kweli. Na milima yetu inamuunga mkono. Huku kila kitu kina athari ya pembeni. Ukilima vibaya Soni, tope linafika Mombo. Kule Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, mwanzoni mwa karne hiyo ulipandwa mti wa kigeni uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, asili yake ni magharibi zaidi, upande wa Uganda na kwingineko. Waliupanda mahali pake. Lakini hondohondo wanapenda matunda yake. Wanakula, wanaruka, wanadondosha mbegu ndani ya msitu wa asili, na palipokuwa pamekatwa miti ule mgeni ukashika nafasi. Aliyepanda hakumwandikia hondohondo kazi. Je, naye ni mnafiki?

Jibu langu ni hapana. Ipo tofauti kati ya athari usiyoweza kuiona na athari unayoificha. Aliyepanda mti ule alisema "napanda". Hakusema "naangalia tu". Tunaweza kumlaumu kwa kutokujua, au kwa haraka, lakini alijitangaza kuwa anafanya kitendo, na aliyetaka kumfuatilia alijua pa kuanzia. Ndivyo ilivyo kwa fankisheni na joto lake: kila fundi anajua kwamba joto lipo, limo katika makubaliano, hakuna anayedanganywa. Usafi tunaoutaka si wa malaika. Ni usafi wa mkataba, kwamba tumekubaliana vitu gani vinahesabiwa, na katika vile vinavyohesabiwa hunigusi kimyakimya.

Tena niseme zaidi, usafi peke yake si sifa. Huku kwetu watafiti wamekuja tangu enzi za Mjerumani. Wanauliza, wanaandika, wanaondoka. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akimwambia mgeni mwenye dodoso: "Mmeuliza mwaka juzi, mmeuliza mwaka jana, na barabara iko vile vile." Huyo mzee alikuwa analalamika kwamba swali ni safi mno! Alitaka swali lenye mkono. Kwa hiyo sisemi tusiguse. Nasema anayegusa aseme anagusa, na aseme kabla ya kutaja jina lake, kama ile VHDL.

NGUVU KWA NGUVU

Mababu zetu Washambaa walilifikiri jambo hili kwa namna yao. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara, ameeleza maneno mawili ambayo wazee wetu bado wanayajua: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi inaponywa pale nguvu ya kuileta mvua inapokuwa na mwenyewe mmoja anayejulikana. Inaharibika pale nguvu mbili zinaposhindana juu ya ardhi ile ile, hali waliyoiita nguvu kwa nguvu. Hapo mvua inakatika na njaa inaingia.

Nilipokisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimelikuta somo hilo darasani. Aina ya ishara inayotumika zaidi katika VHDL, ambayo nayo iliwekewa kiwango mwaka 1993, ina thamani tisa. Michakato miwili ikiusukuma waya mmoja, huyu anasema sifuri, yule anasema moja, kwa nguvu sawa, waya haupati wastani wala haupati mshindi. Unapata herufi X. Maana yake: haijulikani. Na X ikiingia kwenye saketi inasambaa, kila anayeisoma naye anaweza kuwa X, mpaka kioo chako chote kinajaa mistari myekundu. Nguvu kwa nguvu.

Lugha hiyo hiyo ilikosea mahali pamoja. Mwaka 1993 iliruhusu kitu cha kushirikiana, ambacho michakato mingi inaweza kukiandika, bila kusema nani anaingia lini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikabidi warekebishe: kitu cha kushirikiana kiwekwe ndani ya nyumba yenye mlango, anayetaka kukigusa apite mlangoni, mmoja mmoja. Kosa lilikuwa kuacha kitu cha wote bila mlango. Shamba la babu lilikuwa hivyo hivyo. Lilikuwa la wote kwa mazoea na kwa upole, na upole hauna mlango. Mtu wa kwanza kuingia na chombo cha kupimia alilikuta wazi.

Na wala mimi si wa kwanza kupanda milima hii na kipimo. Serikali ya Mwingereza ilianza mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, halafu ikaupanua Usambara. Watu wakaamriwa kuchimba matuta. Waliambiwa tunaokoa udongo, na udongo kweli ulikuwa unakwenda. Lakini wakulima walikuwa na swali lao: ardhi hii ikishatengenezwa, itakuwa ya nani? Wengi waliogopa kwamba itachukuliwa. Kazi ilikuwa nzito na jibu halikuwa wazi, upinzani ukakua, na kabla ya uhuru mradi ukawa umeachwa. Vitabuni husomeka kwamba wakulima walikataa matuta. Mimi nadhani walikataa "tu". Walikataa kuamini kwamba mtu mwenye uwezo wa kuamuru anaweza kuja kutazama udongo na asitazame kingine.

KWETU SISI TUNAOANDIKA

Vijana wenzangu mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mnataka kuwa waandishi. Msidhani mambo haya ni ya mafundi wa saketi na wapima ardhi. Mwandishi ndiye bingwa wa "tu". Anakaa jikoni kwa mama yake anasikiliza, anasema anakaa tu. Anamwuliza jirani habari za ndoa yake iliyovunjika, anasema anauliza tu. Kisha inatoka hadithi, majina yamebadilishwa, mtaa mzima unajua ni nani. Akibanwa anasema: "Ni hadithi tu." Mara tatu amejitangaza kuwa safi, na mara tatu amehamisha viti.

Sikuambii usiandike. Mwandishi asiyegusa kitu hana faida, kama lile dodoso la barabara. Nakuambia ukimwendea mtu uchukue habari zake, mwambie unakuja kuchukua. Ukishindwa kumwambia, basi jua unafanya nini na usijipake usafi baadaye. Na usijifiche nyuma ya msomaji, eti yeye ndiye aliyetafsiri. Uliyemwita akigusa, nawe umegusa.

Kuhusu shamba, sina mwisho mtamu wa kukupa. Mwaka jana nilirudi nikaomba wazee wakae. Nikasema mbele yao maneno niliyoyafanyia mazoezi ndani ya basi tangu Mombo: kwamba siku ile sikupima tu, nilifanya jambo, na nimekuja kulitaja. Nikasema pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, na kwamba kipande cha bondeni kinaweza kuandikiwa hati ya kimila kwa jina la shangazi. Baba mdogo akasema: "Kumbe kijana wa kompyuta amekuwa wakili." Watu wakacheka. Baba mkubwa hakucheka. Akasema mambo ya ardhi hayaendi haraka, tutakaa tena. Hatujakaa tena. Masale bado yapo. Ila nimesikia kwamba msimu huu shangazi alianza kupanda bila kwenda kuomba, na hakuna aliyemfuata.

Kabla ya kuileta makala hii nilimpigia simu, nikamweleza kwamba nataka kuandika habari yake, bila jina lake wala la kijiji. Sikusema "naandika tu". Nilijivunia sana hilo, nikadhani angenipongeza.

Alinyamaza kidogo, nikasikia maji ya mfereji nyuma yake. Kisha akaniuliza: "Na ukishaandika, kitabadilika nini?"

Nikamwambia sijui. Akasema haya, andika.